Maziwa Yasiyo na Kopo

Kituo cha Afya,
Muleba.
12 Januari 1975

Dada Shamsa,

Nakuandikia nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika chumba cha kuchemshia sindano. Hapa ndipo mahali pekee ambapo mtu akinikuta nimekaa haniulizi kwa nini nimekaa, maana sindano lazima zichemke.

Tulikuwa wauguzi wanne. Mmoja amehamishwa, mwingine kaolewa Mwanza hakurudi. Tumebaki mimi na Klaudia. Akishika asubuhi nashika mchana, na akiumwa nashika vyote.

Immakulata wangu ana miezi mitano. Likizo ya uzazi ilipokwisha nilimpeleka Kaagya kwa mama, kwa sababu Bwana Mganga Kaijage, mkuu wetu hapa, hataki watoto wa wafanyakazi kituoni, na mshahara wangu hautoshi kumlipa yaya. Baba yake, Ildefons, bado yuko kisiwani Goziba, karani wa ushirika wa samaki. Anaandika kwamba mishahara yao itakuja na boti ijayo. Boti inakuja, na ndani yake mna barua nyingine inayosema hivyo hivyo.

Haya yote ningeyavumilia. Ninachokiogopa ni mikono yangu. Juzi nilishika chupa ya dawa nikasoma jina lake mara tatu, na mara ya tatu bado sikujua nimesoma nini. Sikumpa mgonjwa. Niliiweka chini nikaenda kunawa uso. Lakini siku moja sitaiweka chini.

Wewe ulikuwa nesi kama mimi, tulilala chumba kimoja chuoni, ukaacha, sasa unashona. Niambie bila kunipamba: inalipa? Na kuna nafasi ya mtu wa pili asiyejua kushona ila vidonda?

Ni mimi,
Benigna


Bakoba, Bukoba.
20 Januari 1975

Benigna shoga yangu,

Assalaam aleykum, na usinijibu kwa Kilatini.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekuona juu ya hiyo ndoo. Nikakumbuka matroni wetu: "Nesi aliyekaa ni mgonjwa." Basi mgonjwa wewe, njoo Bakoba.

Kazi ipo. Shule zimefunguliwa, kila mzazi anataka kaptula ya kaki na gauni la bluu. Cherehani yangu hailali. Vifungo na pindo utaweka wewe, na kwa mtu aliyeshona watu, kaptula ni mchezo. Chumba changu kina nafasi ya kitanda cha pili na ya kitanda cha mtoto, kodi tutagawana. Immakulata utamnyonyesha mezani huku unaweka vifungo, na hakuna Kaijage.

Usikae sana kufikiri. Wewe ukifikiri unakonda.

Shamsa


Muleba.
3 Februari 1975

Dada Shamsa,

Humu ndani mna bahasha nyingine, nimeifunga kwa gundi. Ni barua yangu ya kuacha kazi. Tafadhali ipeleke mwenyewe ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa tarehe mosi Machi, si kabla, maana mshahara wa Februari nauhitaji. Nikiipitisha kwa Kaijage itakaa kwenye droo yake mpaka Immakulata aolewe.

Nimeiandika kwa karatasi nzuri, bila kufuta hata neno moja.

Jambo la pili. Alhamisi mchana basi la kutoka Biharamulo lilisimama mbele ya kituo, wakamshusha mwanamke aliyeshikwa na uchungu njiani. Jina lake Mastura, mumewe Hamidi, ni fundi baiskeli wa huko kwenu Bakoba. Alijifungua salama mtoto wa kiume, mdogo sana, halafu damu ikakataa kusimama. Tulifanya tulichoweza. Landrova ikamchukua pamoja na mumewe kwenda Bukoba, mvua inanyesha. Mtoto alikuwa kilo mbili tu, Kaijage akasema akisafirishwa katika baridi ile atakufa, abaki hapa kwenye joto. Jumamosi mama yake Hamidi alikuja na basi akamchukua.

Sijui kama Mastura yu hai. Nenda hospitali, au uliza mtaani, kisha uniandikie hata mstari mmoja. Kila nikifumba macho naona ile Landrova inapanda kilima.

Mtoto tulimlisha vizuri.

Benigna


Bakoba.
9 Februari 1975

Shoga,

Lala sasa. Mastura yu hai. Nyumba yao ni ya tatu kutoka kwangu, na baiskeli yangu ya zamani Hamidi ndiye aliyeiua. Mastura amerudi nyumbani mweupe kama karatasi, lakini anakula na anagomba, kwa hiyo amepona. Mtoto wamemwita Muhidini.

Ila wana shida, wamenituma nikuulize. Maziwa ya mama yake bado ni machache, yanakuja kwa kusitasita kwa sababu ya ile damu. Wamempa mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, ametema. Jirani amewapa nusu kopo la maziwa ya unga alilofichiwa na mwenye duka, ametema na kugeuza shingo kama mzee aliyetukanwa. Bibi yake anasema alipomchukua huko kwenu alikuwa ameshiba na ametulia.

Hamidi ameuliza maduka yote ya mjini na kila mahali anajibiwa hakuna. Sasa anataka kujua: mlimpa kopo gani huko Muleba? Lina picha gani? Jina lake tu linatosha, atalitafuta mpaka Mwanza.

Nijibu upesi. Clavery kondakta anakuja huko Jumamosi, mpe yeye barua, posta inalala.

Shamsa


Muleba.
15 Februari 1975

Shamsa,

Hakuna kopo.

Kopo la mwisho la kituo lilikwisha kabla ya Noeli. Siku ile Landrova ilipoondoka nilikwenda kumwangalia yule mtoto. Alikuwa kwenye kikapu tulichotandika pamba, karibu na jiko la mkaa, analia bila sauti, mdomo unatafuta huku na huku. Na mimi saa zile za mchana ndipo maziwa hunijia. Tangu nimpeleke Immakulata kwa mama, kila siku nilikuwa najikamua kwenye karai na kumwaga, halafu nafunga aproni mbili ili sare isionekane imelowa. Yalikuwa yameanza kukauka. Nilikuwa nafurahi yakauke, niache kuvuja mbele ya wagonjwa.

Nilimnyanyua nikampa. Sikufikiri hata kidogo. Kwetu mtoto akilia na mama yake hayupo, mwanamke mwenye maziwa humpa, habari imekwisha. Hata shukrani hangojei.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata padri. Alipolishika titi nilikaa kitako kwenye kiti, na saa nzima hakuna mtu aliyeniita jina. Siku zile mbili nilifanya zamu zote na sikuchoka. Mwanangu mwenyewe yuko Kaagya anakunywa maziwa ya ng'ombe, na mimi nampa wa watu nikaona raha. Ndiyo maana sikukuandikia.

Sasa sikiliza lililonipata. Kila mara alipokula niliandika kwenye kitabu cha wodi, kama tulivyofundishwa: saa, "maziwa", na kama amemaliza. Mara kumi na moja. Nathanael mtunza stoo amefunga hesabu za mwezi, akaona mtoto amekula maziwa mara kumi na moja na stoo haina kopo hata moja. Kaijage ameniita. "Benigna, haya maziwa yalitoka wapi?" Nikasema yalipatikana. "Yalipatikana wapi, wakati nchi nzima haina?" Unajua siku hizi jina la mtu anayeficha maziwa ni nini. Ni mlanguzi. Wameitisha kamati ya kituo, Alhamisi tarehe 27, mwenyekiti Mzee Bartholomayo.

Nikikaa kimya mimi ni mwizi wa maziwa ya watoto. Nikisema, nimevunja utaratibu wa wodi, na wale watu ni Waislamu, nimempa mtoto wao mwili wangu bila kuwauliza. Vyote viwili vinanitisha. Barua ile usingoje Machi. Ipeleke sasa, niwe nimeshaondoka.

Mwambie Hamidi kopo limekwisha na jina nimelisahau. Na usimwambie mtu, Shamsa. Naomba.

Benigna


Bakoba.
19 Februari 1975

Benigna,

Nimekaa na siri yako siku mbili. Siku ya tatu nimemwambia Mastura. Soma mpaka mwisho kabla hujaichana.

Wewe umeandika "habari imekwisha". Kwetu hapo ndipo habari inapoanza. Kwa dini yetu, mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano akashiba, yule mwanamke amekuwa mama yake, na watoto wake ni ndugu zake. Hawaoani mpaka kufa. Wewe umempa mara kumi na moja, na umeziandika kwa mkono wako pamoja na saa. Hata kadhi asingetaka ushahidi bora zaidi.

Najua utasema Muhidini Muislamu na Immakulata amebatizwa, wataonana wapi. Wataonana hapa hapa Bukoba. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mhaya wa Kaagya, jina lake la ubatizo Theodora, alikuja mjini kuuza ndizi akamkuta babu anauza chumvi. Na mimi ndiye ningekuwa harusini miaka ishirini ijayo nimekaa na jambo hili tumboni, napiga vigelegele. Sikuweza.

Mastura alilia. Mama mkwe wake alichukua buibui akatoka. Hamidi aliniuliza jina la mwenyekiti wenu na siku ya kamati. Nikamwambia. Sijui anataka nini, uso wake haukusomeka.

Barua yako sijaipeleka. Ukiondoka kabla ya kikao utaondoka na jina la wizi, na jina la wizi hufika Bakoba kabla ya basi.

Shamsa


Muleba.
22 Februari 1975

Shamsa,

Nilikuomba neno moja.

Umempa mtu jina la mwenyekiti wangu na siku yangu, na hujui anataka nini. Mimi ndiye nitakayesimama mbele yao. Wewe utakuwa umekaa kwenye cherehani.

Nimemwandikia mama Kaagya kwamba huenda nikaja kukaa. Sikumwambia sababu. Sili. Klaudia ananiletea akamwani, zile buni zetu za kutafuna, nipate nguvu, nazishika mkononi mpaka zinalowa jasho.

Ile barua ni yangu. Irudishe kwa mkono wa Clavery.

Benigna


Muleba.
9 Machi 1975

Shamsa,

Najua ulikwenda stendi Ijumaa kumuuliza Clavery kama bado nipo. Amenieleza. Bado nipo. Hasira yangu imepungua, haijaisha, nakuandikia hivyo hivyo nikiwa nayo.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha kliniki, chini ya picha ya mtoto mnene iliyobandikwa ukutani. Mzee Bartholomayo katikati, Kaijage na kitabu cha wodi, Nathanael na kitabu cha stoo, na wajumbe wawili wa kijiji. Nilisimama. Kaijage akasoma saa zote kumi na moja, moja moja, kama anasoma litania. Mwisho akauliza, "Kopo lilitoka wapi?"

Nilikuwa nimeamua kusema, nakuapia. Nilifungua mdomo. Mlango ukabishwa, akaingia Hamidi amemshika mama yake mkono, wote wana vumbi la basi. Nikajua ni mashitaka.

Bartholomayo akasema, "Waitu, ndugu zangu, hapa kuna kikao."

Yule mama akasema, "Ndicho nilichokijia. Mnatafuta kopo?" Akaninyooshea kidole. "Kopo ndilo lile, limesimama."

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Hamidi akaeleza, taratibu, kwamba mtoto wao alikula kwangu, na kwamba hawakuja kudai kitu. Wamekuja kwa sababu mtoto amepata mama wa pili na ndugu, na jambo hilo lazima lisemwe mbele ya watu, lisibaki la kunong'ona.

Kaijage akanigeukia. "Kwa nini hukuandika?"

Nikasema, "Kitabu kina nafasi mbili, Bwana Mganga. Kopo na ng'ombe. Mimi si kopo wala si ng'ombe, nikaandika maziwa."

Hapo walicheka wote, hata Nathanael. Mimi sikucheka. Kaijage akasema hata hivyo nimevunja utaratibu, nimepewa onyo. Nimelipokea, ni haki yake.

Wakati wa kuondoka yule mama akanishika bega. "Na wako yuko wapi, nimwone?"

Nikasema yuko Kaagya.

"Anakula nini?"

"Ng'ombe."

Akaniangalia. Mimi nilisikia aibu kuliko ile ya kuitwa mwizi. Lakini aibu ile ilinipa mdomo. Nikamwambia Kaijage mbele yao kwamba kesho asubuhi nakwenda kumchukua mwanangu, atakaa hapa, atalala kwenye mkeka chumba cha sindano ambako kuna joto. Akasema utaratibu hauruhusu. Nikamwambia, "Utaratibu huo uko kwenye karatasi gani? Nionyeshe niusome." Akapekua faili. Akapekua la pili. Bartholomayo akasema, "Bwana Mganga, ukiuona utatuletea. Kikao kimefungwa."

Nilikwenda Kaagya. Immakulata aliponiona alilia, akamkumbatia mama yangu. Nikakaa mlangoni kama mgeni. Mama akasema, "Bojo, mwanangu, ngoja tu, usimvute." Jioni ndipo alikuja mwenyewe, akanusa, akashika. Nilikuwa nimekwisha amini yamekauka. Yule Muhidini ndiye aliyeyarudisha, Shamsa. Siku zile mbili nilidhani namnyang'anya mwanangu, kumbe mtoto wa watu alikuwa ananitunzia.

Sasa usifikiri nimepona. Bado tuko wauguzi wawili. Ildefons ameandika tena kuhusu boti. Jana nimesoma jina la dawa mara mbili, si tatu. Bado naipima hali yangu kila siku kama homa, na sijui itapanda lini.

Kwa hiyo nahitaji ile barua ya kuacha kazi iwe mkononi mwangu. Hujairudisha. Kwa nini?

Benigna


Bakoba.
16 Machi 1975

Benigna,

Nilikuwa naomba usiulize.

Nina mambo mawili ya kukiri, nianze na lile jepesi. Cherehani yangu inalala. Imelala tangu Desemba. Kaki hakuna, vitambaa vya bluu hakuna, wazazi wanakuja wananisalimu wanakwenda zao. Nilipokuandikia kwamba hailali, ilikuwa imefunikwa shuka na paka juu yake. Nilitaka uje tugawane kodi. Na nilitaka mtu wa kuongea naye, maana nimeacha kazi yenye kelele nikapata chumba chenye kimya, na kimya nacho kinachosha. Ningekutoa kwenye mshahara mdogo nikuingize kwenye hakuna. Nisamehe.

La pili. Baada ya ile barua yako ya hasira niliifungua bahasha. Niliisoma. Imeandikwa vizuri mno, nikaogopa kwamba ofisini wataikubali siku hiyo hiyo. Karatasi ilikuwa ngumu, kubwa, na mimi sikuwa na gazeti la kukatia vielelezo vya nguo. Nikaikata. Nusu ya juu ni kola, nusu ya chini ni mkono.

Clavery atakupa kifurushi. Mna mashati mawili meupe ya mtoto, sawasawa kabisa. Moja la Immakulata. Jingine nilitaka ulishike tu ulione, kisha ulirudishe, ni la Muhidini, atalivaa siku ya Maulidi. Usiulize kitambaa nimekipata wapi wakati mji mzima hauna. Wewe unaijua ile pindo, uliwahi kuniazima sindano niishone chuoni. Sare yangu ilikuwa inakaa sandukuni bure.

Shamsa


Muleba.
Jumapili ya Matawi, 23 Machi 1975

Dada yangu Shamsa,

Shati limemtosha, kola imekaa vizuri. La Muhidini nimelirudisha kwa Clavery, ndani yake nimefunga akamwani za kumpa mama mkwe wa Mastura. Mwambie nitakuja kumwona mwanangu kabla hajaota meno.

Lile la cherehani nimekwisha kukusamehe, hata kabla hujaomba. Mimi nilijificha nyuma ya kopo, wewe nyuma ya kaki. Chuoni tulikuwa tunafichana sabuni, tumekua.

Lakini barua ile haikuwa yako kuikata. Ulijua unaniokoa, na huenda uliniokoa, na bado haikuwa yako. Hata mtu aliyechoka anayo haki ya kushika mlango wake mwenyewe. Usirudie.

Nimeandika nyingine jana. Ni fupi kuliko ile, mistari minne, kwenye karatasi ya daftari isiyofaa kwa kola. Sikuitia tarehe. Iko kwenye mfuko wa sare yangu, upande wa kipimajoto, na kila nikiinama naisikia. Siku nitakayosoma chupa mara tatu tena, nitaitia tarehe na kuipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu. Mpaka hapo nitakuwa kazini.

Kituo kina nafasi mbili za wauguzi, tangazo liko ukutani. Sikuambii uje. Nakuambia lipo.

Immakulata ameamka. Namsikia Klaudia ng'ambo ya ukuta anamdanganya kwamba nakuja. Acha niende, isiwe uongo.

Benigna